Kiwanja cha betri chakavu: jinsi ya kukisafisha bila kumpelekea jirani vumbi lake

Zamani Dodoma ilikuwa na nafasi. Mtu akitaka kuyeyusha betri za magari apate risasi ya kuuza, alitoka nje kidogo ya mji, akachimba shimo, akawasha mkaa, moshi ukaenda zake porini. Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia hapa mwaka 2016, na mji kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, hiyo "nje kidogo ya mji" imehama. Kiwanja kilichokuwa katikati ya mibuyu na miiba leo kina nyumba pande tatu na shule ya awali ng'ambo ya barabara. Mwenyewe anataka kujenga au kuuza, na mtu wa kumshauri hakosekani: "Leta mashine ya kijiko, kwangua, pakia tipa, siku mbili umemaliza."

Usikubali. Risasi ninayoisema hapa ni ile metali nzito ya betri, si ya bunduki, ingawa kwa mtoto mdogo tofauti ni muda tu. Ikiwa imelala ardhini inadhuru polepole. Ikirushwa hewani inafika kila nyumba kwa mchana mmoja. Thiaroye-sur-Mer, pembezoni mwa Dakar, mchanga wenye risasi ya betri ulikaa miaka mingi. Watu walipoanza kuuchimba na kuuchekecha wapate risasi ya kuuza, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008. Kumbuka kisa hicho kila unapoona mtu anashika koleo kavu.

Mwongozo huu ni wa mwenye kiwanja, mkandarasi mdogo na mwenyekiti wa mtaa. Nimechukua mfano wa betri kwa sababu ndio ninaoujua vizuri. Kwa karakana ya oili au ghala la viuatilifu hatua ni zile zile, vinavyobadilika ni vipimo.

Kabla ya koleo

Anza na wazee wa mtaa, si na mashine. Uliza shimo lilikuwa wapi, tindikali ilimwagwa wapi, magamba ya betri yalichomwa upande gani, mvua ikinyesha maji yanakimbilia wapi. Kisha tembea mwenyewe. Utaona vipande vyeusi vya plastiki ngumu, mabonge mazito ya kijivu yanayong'aa kidogo ukiyavunja, na doa lisiloota hata mbigili baada ya mvua za Januari. Chora ramani kwa mkono, inatosha.

Halafu karatasi. Nenda NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, Kanda ya Kati, ukiwa na barua na ile ramani yako. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa mchafuzi mzigo wa kusafisha, na Baraza lina uwezo wa kutoa amri ya kurejesha mazingira. Kwenda mwenyewe kabla hujaitwa ni nafuu kuliko kungoja amri. Kusafirisha taka hatarishi kunahitaji kibali chake, kwa hiyo kiulizie siku hiyo hiyo, kisije kikakukuta na tipa limeshapakiwa. Sajili eneo la kazi OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Mtendaji wa kata na afisa afya wapate taarifa kwa maandishi.

Kama unadhani haya ni urasimu tu, tazama Owino Uhuru, Mombasa, ambako wakazi waliishi jirani na mtambo wa kuyeyusha betri. Mwaka 2020 mahakama iliagiza walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na Mahakama ya Juu ikaipitisha fidia hiyo mwaka 2024.

Pima udongo, na pima ule unaoruka

Gawa kiwanja kwa miraba ya mita 10 kwa 10. Katika kila mraba chukua vijiko vingi vya udongo wa juu, sentimita 2 au 3 za kwanza, kutoka sehemu zisizopungua 10, changanya kwenye beseni safi, toa sampuli moja. Penye shimo na penye doa chimba zaidi: sampuli ya sentimita 15, ya 30, ya 60. Kama ardhi yako ni mbuga, yaani ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi, chimba hata zaidi, kwa kuwa vumbi huteremka kwenye nyufa kabla mvua haijazifunga.

Mashine ya mkononi ya XRF, ile inayofanana na bastola, inasoma risasi kwa chini ya dakika moja. Ikodi kama unaweza, lakini sampuli moja kati ya kila kumi ipeleke maabara kuhakiki. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya kanda hapa Dodoma, anzia hapo.

Kosa ninaloliona kila mara ni kupima udongo mzima mzima, na kokoto zake. Kinachoingia puani na kubaki kwenye vidole vya mtoto ni ule unga mwembamba, na mara nyingi unga huo una risasi nyingi kuliko udongo ulikotoka. Chekecha sampuli kwa chekeche laini sana, ukiwa umevaa barakoa, mahali pasipo upepo, ndipo upime. Namba utakayoipata iandike ukutani. Kazi yote iliyobaki inaitegemea.

Wiki mbili za kusikiliza hewa

Mabaharia wa pwani wana maneno mawili yanayotufaa hata huku bara: joshini, upande upepo unakotoka, na demani, upande unakoelekea. Kiangazi cha Dodoma upepo hutoka zaidi mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo demani yako huenda ikawa magharibi. Usiniamini mimi, funga ukanda wa kitenge juu ya mlingoti mrefu katikati ya kiwanja, uandike kila saa unakoelekea na kama unapepea kivivu au umenyooka. (Mfuko wa plastiki ungeonekana vizuri zaidi, lakini ulishapigwa marufuku mwaka 2019.) Wiki mbili za daftari hilo zitakuonyesha saa zako tulivu, na hizo ndizo saa za kuchimba. Mahali pengine ni alfajiri, pengine ni jioni. Mtaa una tabia yake.

Wiki hizo hizo weka vipima vumbi. Visipungue vitatu: kimoja joshini, viwili demani. Cha nne kiende kwenye watoto, yaani shule ya awali au kliniki. Viwe mita 1 na nusu hivi kutoka ardhini, mbali na barabara ya vumbi, mbali na banda la chipsi. Kinachotafutwa ni PM10, vumbi linaloingia kifuani, na PM2.5, lile jembamba zaidi linaloshuka hadi ndani ya mapafu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka wastani wa saa 24 usizidi maikrogramu 45 za PM10 na 15 za PM2.5 kwa mita ya ujazo ya hewa. Dodoma ya Septemba inaweza kuzipita kabla hujagusa koleo, kwa hiyo namba ya demani peke yake haisemi kitu. Toa ya joshini kwenye ya demani. Tofauti ndiyo yako.

Sasa nikueleze jambo lililonifundisha zaidi ya semina zote. Kituo kimoja tulikifunga kwenye uzio wa bibi mmoja wa Kigogo, upande wa demani. Kila jioni saa 12 namba zilipanda ghafla, kisha saa 2 usiku zinashuka. Vijana wakaanza kuandika ripoti ya kutisha. Nikaenda mwenyewe. "Mbukwa, bibi." Akaitikia, akanikaribisha kigoda, na mbele yetu, hatua nne kutoka kwenye kipima, likawaka jiko la mkaa. Tukakihamisha kipima, namba zikatulia.

Wiki ya pili ya kuchimba bibi akaniita. Kipima kile kilikuwa kinasoma 40, karibu sawa na joshini, sote tumeridhika. Akanionyesha jamvi lake la mlenda uliokuwa ukianikwa. Akapitisha kidole juu ya majani, kidole kikawa chekundu. "Hicho kidude chenu, mwanangu, kinaona nini?"

Hakikuona. Vihisi vya bei nafuu, PurpleAir na wenzake, hutumia mwanga wa leza kuhesabu chembe, na vinaziona vizuri chembe ndogo za moshi. Chembe kubwa za vumbi la ardhi zinavipita, na namba ya PM10 vinayotoa kwa sehemu kubwa ni ya kukadiria. Vumbi letu ni la ardhi. Kwa hiyo:

- Vihisi vya bei nafuu vitumie kama kengele, vikuambie sasa hivi kuna jambo. Usivitumie kama hakimu.
- Karibu na angalau kimoja weka pampu yenye chujio. Pampu ikivuta lita 5 kwa dakika kwa saa 24, imevuta mita za ujazo 7.2. Chujio likiongezeka miligramu 0.72, hewa ilikuwa na maikrogramu 100. Chujio hilo hilo maabara italipima risasi, jambo ambalo kihisi cha leza hakiwezi kabisa.
- Weka ndoo ya mdomo mpana yenye maji kiasi, juu ya nguzo ya mita 2, siku 30. Kinachozama ndani ndicho kinachoangukia mlenda, mtama ulioanikwa na pipa la maji lisilo na kifuniko. Pima uzito, pima risasi. Maji yakikauka, ongeza.

Tangu siku ile chakula cha kuanikwa hukihamisha kwa makubaliano: tunamnunulia kila mwenye kuanika turubai safi na kumwomba aanike joshini mpaka kazi iishe. Ni gharama ndogo sana.

Namba ya kusimamisha kazi

Jimbo la New York, Marekani, lina utaratibu wa hewa ya majirani ambao wakandarasi wengi huunakili: vumbi la PM10 la demani likizidi la joshini kwa maikrogramu 100 kwa wastani wa dakika 15, mwagia maji, hata baada ya hapo likizidi kwa 150, simama. Ni utaratibu mzuri wa vumbi. Kwa risasi nyingi hautoshi, na hesabu yake ni hii.

Tuseme unga wako una miligramu 5,000 za risasi kwa kilo. Maana yake sehemu 5 za kila 1,000 za vumbi ni risasi. Hewa ya jirani ikibeba maikrogramu 100 za vumbi hilo, imebeba maikrogramu 0.5 za risasi. Kiwango cha Marekani cha risasi hewani, tangu mwaka 2008, ni 0.15 kwa wastani wa miezi mitatu. Kweli, huo ni wastani wa miezi na wewe unachimba saa chache. Lakini kazi hizi huchukua wiki nyingi, na mtoto wa jirani ameshakula risasi ya miaka kadhaa kabla hujafika. Mimi huchukua 0.15 kama mpaka wa saa za kazi, basi. Gawa 0.15 kwa 0.005, unapata 30. Hiyo ndiyo namba ya kiwanja hicho: demani ikizidi joshini kwa 30 kwa dakika 15, mashine inazimwa.

Rudia hesabu kwa unga wenye miligramu 20,000. Utapata 7.5, tofauti ndogo ambayo vipima vya uwanjani haviwezi kuitambua kwa uhakika. Hapo usijidanganye kwamba unasimamia hewa kwa kipima. Sehemu hiyo ichimbwe ikiwa tope, chini ya hema la turubai, kwa mikono, mraba mmoja mmoja.

Mwenye mamlaka ya kusimamisha awe mtu mmoja anayejulikana kwa jina, na asiwe yule anayelipwa kwa tripu. Umeona vumbi linavuka uzio kwa macho? Simama, hata kama vipima vyote vinasema salama. Kisulisuli kikitokea, kila mtu anaacha alichoshika na turubai linarudi juu ya rundo.

Namba za siku zibandikwe kwenye ubao getini kila jioni, kwa kalamu nzito, na zitumwe kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Andika na siku mliyosimamishwa, na kwa nini. Majirani huamini ubao uliokiri kosa.

Msimu na maji

Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Ukichimba katikati ya mvua, risasi inaondoka na maji ya korongo. Ukichimba Agosti hadi Oktoba, unapigana na upepo. Dirisha ni Mei na Juni: ardhi bado ina unyevu chini, makorongo yamekauka. Kama kibali kimechelewa hadi Julai, funika kiwanja kwa turubai, zungushia uzio wa mabati, ngoja mwaka ujao. Najua mwenye kiwanja hatapenda.

Kulowanisha kunakula maji. Piga hesabu ya lita 2 kwa kila mita ya mraba: boza la lita 10,000 linalowanisha mita za mraba 5,000 mara moja, na kwa jua hili saa tatu baadaye pamekauka. Kwa hiyo usilowanishe kiwanja chote. Fungua mita za mraba 100 tu kwa siku, zilizobaki zikae chini ya turubai. Lowanisha jioni ili maji yanyonywe usiku, kisha nyunyiza tena alfajiri kwa bomba la mgongoni la kupulizia dawa za mimea, linalotoa ukungu. Mpira wa maji wenye nguvu unarusha vumbi kabla haujalilowesha na unaacha madimbwi ya tindikali.

Na jambo la adabu: mtaa unaoishi kwa mgao wa maji hautakuelewa ukimwaga boza kwenye mchanga huku wao wamepanga ndoo. Leta boza la pili, lao, au usilete hata la kwanza.

Siku ya kuchimba

Anza joshini, rudi nyuma kuelekea demani, ili usikanyage ulichokwisha kusafisha. Okota kwanza kwa mkono magamba na mabonge, yatie kwenye mapipa ya plastiki yenye kifuniko, kwani tindikali hula chuma. Kisha toa tabaka la juu. Mara nyingi sentimita 15 hadi 30 zinatosha, penye shimo zaidi. Kijiko kishushe udongo taratibu hadi ndani ya tipa, kisiumwage kutoka juu. Sakafu ya tipa itandikwe turubai, na mzigo ufunikwe kwa turubai jingine, kamba zikazwe pande zote nne. Matairi yaoshwe na kusuguliwa getini juu ya karo la zege lenye shimo la kukusanyia maji, na maji hayo yasitoke nje. Mwendo ndani ya kiwanja ni wa mtu anayetembea.

Kila mraba ukimaliza, pima tena kabla ya kuendelea. Linganisha na viwango vya ubora wa udongo vya kanuni za 2007 na masharti ya kibali chako. Mraba ukifeli, toa sentimita nyingine 10.

Vibarua wako hatarini kuliko jirani yeyote. Wapimwe risasi kwenye damu kabla ya kuanza na kila mwezi. Barakoa ya kitambaa haifai, tafuta zenye kichujio cha kiwango cha P3 zinazokaza usoni, na ndevu zinyolewe. Chai, sigara na pipi vibaki nje ya uzio. Ovaroli na buti havipandi bodaboda kwenda nyumbani: vinavuliwa getini, vinafuliwa hapo hapo, mtu anaoga, ndipo anavaa nguo zake. Baba anayemkumbatia mwanawe na ovaroli la kazi amehamisha kiwanja hadi kitandani.

Udongo uende wapi

Chidaya ni dampo la taka za jiji. Usipeleke huko udongo wa risasi, na usiruhusu dereva "auache tu" kwenye shimo la mchanga. Kila tripu iwe na karatasi yenye uzito, saa ya kutoka na sahihi ya anayepokea. Mabonge yenye risasi nyingi yaende kwa mrejelezaji mwenye kibali. Udongo uliobaki una njia mbili: eneo lililoidhinishwa na NEMC, au kufungiwa hapo hapo kiwanjani, upande wa juu usiofikiwa na maji ya mvua.

Kufungia hapo hapo mara nyingi ndiyo njia ya akili, kwa kuwa kila kilomita ya tipa ni nafasi ya kumwaga. Penye tindikali changanya chokaa kidogo kidogo huku ukipima, hadi pH, kipimo cha tindikali, ifike karibu na 7. Ukizidisha chokaa risasi huanza kuyeyuka upya. Fosfeti huifunga risasi kwenye madini yasiyoyeyuka kirahisi, na ya Minjingu kule Manyara ipo, ila mwamba wake una urani kiasi, kwa hiyo majaribio ya maabara yatangulie. Juu yake tandaza kitambaa cha jiotekstaili cha rangi kali, kisha udongo safi wa sentimita 30 ulioshindiliwa, kisha vitofali au zege. Rangi ile ni salamu kwa atakayechimba baadaye.

Ndani ya nyumba za demani

Kazi haijaisha getini. Nyumba zilizo karibu zipigwe deki kwa maji na sabuni, vitambaa vibadilishwe kila chumba. Fagio kavu lisiguse. Godoro la mtoto litolewe, lipanguswe. Kuku wanaodonoa uani mayai yao yapimwe au yaachwe msimu mmoja. Watoto wa chini ya miaka 6 wapimwe damu: Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kiondolewe kwa mtoto mwenye maikrogramu 5 au zaidi kwa desilita. Majibu wapewe wazazi wenyewe, si kundi la WhatsApp.

Vipima vya hewa visiondolewe siku tipa la mwisho linapoondoka. Viache wiki nne, ndoo ya vumbi imalize mwezi wake. Ramani ya palipofungiwa, yenye vipimo kutoka kona za kiwanja, iwe nakala tatu: NEMC, mwenye hati, na moja imebandikwa ukutani ofisi ya mtaa, juu ya meza ya mwenyekiti, mahali ambapo fundi wa bomba ataiona anapokuja kuomba ruhusa ya kuchimba mtaro.